Chambo Kilichokwenda Upande

Waswahili husema aisifuye mvua imemnyea. Mimi leo nataka kuusifu mwamba wa Kilifi, na ushahidi wangu ni kwamba maji yake yalinifika kifuani, nikiwa nimeshika ufito wa kuvulia kwa mkono mmoja na bega la mwanangu kwa mkono wa pili. Jinsi tulivyofika hapo ni hadithi ya chambo kidogo cha plastiki nilichokuwa nimekidharau, kama nilivyokuwa nimemdharau aliyekichagua.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Nilisafiri na kifungua mimba wangu, mvulana wa miaka 16. Nyumbani mambo hayakuwa shwari. Ripoti ya shule ilikuwa imefika, alama zilikuwa zimeporomoka, nami nilikuwa nimetamka maneno ambayo mzazi huyatamka akiwa na hasira, kisha asijue atayarudishaje. Kwa majuma mawili kijana alinijibu "ndiyo baba" na "la baba" basi. Mama yake ndiye aliyekata shauri.

"Mpeleke kwa mjomba Kilifi mkavue samaki," aliniambia. "Mkirudi mikono mitupu si neno, lakini mrudi mnaongea."

Kabla ya safari tulipitia duka moja la jijini linalouza vifaa vya uvuvi. Mimi, kama walivyo watu wengi wa mjini, niliamini kwamba kitu cha bei ghali ndicho bora, na kwamba samaki wakubwa hukaa chini kabisa. Nikanunua vyambo viwili vya bandia, vinene, vyenye ulimi mrefu wa plastiki chini ya pua, ambavyo muuzaji alisema huzama hadi mita 4. Mwanangu alichakura ndani ya kikapu cha vitu vya bei ya chini akatoa kisamaki chembamba chenye mgongo wa kijani na tumbo la fedha, ulimi wake mdogo kama ukucha. Nikamwambia kwamba hicho ni kichezeo cha watoto. Hakunijibu. Alikilipia kwa pesa zake mwenyewe.

Kutoka Nairobi tulishuka kwa treni hadi Mombasa, kisha tukapanda matatu ya kuelekea Malindi. Kilifi iko mwendo wa kilomita 60 hivi kaskazini ya Mombasa. Unapita Mtwapa, unapita mashamba ya mkonge ya Vipingo, halafu ghafla ardhi inapasuka mbele yako na chini unaona mkono wa bahari ulioingia bara, maji yake ya samawati yakiwa na mashua zilizotia nanga. Daraja unalovukia lilifunguliwa mwaka wa 1991. Kabla ya hapo watu na magari walivushwa kwa feri. Upande wa kusini, juu ya jabali, ndipo palipo magofu ya kale ya Mnarani na mibuyu yake. Ukishavuka umeingia mjini, na ukielekea ufuoni unafika Bofa, penye mchanga mweupe na mwamba unaoonekana kwa mbali kama mstari wa povu.

"Shikamoo babu," mwanangu alisema tulipopiga hodi.

"Marahaba mjukuu wangu. Karibuni, karibuni. Mmekuja kuvua au mmekuja kula?" mzee alicheka. Ni mjomba wa mke wangu, nami humwita mjomba vilevile. Alivua tangu ujana wake kwa mshipi na nyavu, na ingawa siku hizi hapandi chombo mara kwa mara, hakuna jiwe la ufuo ule asilolijua.

JIONI YA HASARA

Siku ile mwezi ulikuwa mpevu jana yake, maana yake ilikuwa bamvua. Kwa msomaji wa bara, hili lahitaji maelezo. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni muda wa saa 6 na dakika chache, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda sana na kushuka sana. Ndiyo bamvua, na katika pwani ya Kenya tofauti kati ya maji makuu na maji makavu hupita mita 3. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambayo hayapandi wala kushuka kwa kiasi hicho.

Jioni ile niliteremka ufuoni kwa majivuno. Nilifunga chambo changu cha kwanza cha ghali, nikakirusha mbali, nikaanza kukunja mshipi. Mizunguko kumi haikutimia, ufito ukapinda. "Nimempata!" nilipiga kelele. Nilikuwa nimelipata jiwe. Nilivuta kushoto, nikavuta kulia, mshipi ukakatika. Cha pili kiliishi dakika ishirini tu, nacho kikabaki kwenye matumbawe. Mwanangu alikuwa amekaa mchangani, kidevu juu ya magoti, akitazama upeo wa bahari. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Kisha alifunga kichezeo chake. Hakikukwama hata mara moja, lakini kila alipokivuta kilikwenda upande wa kulia kama kaa, kikalala ubavu na kuruka juu ya maji. Alijaribu hata giza likaingia. "Ni kibovu," alisema mwishowe, na hayo yalikuwa maneno marefu aliyoyasema mbele yangu kwa siku nyingi. "Nitakitupa."

CHINI YA TAA

Usiku, baada ya wali wa nazi, mzee aliomba kukiona kile chambo. Alikishika karibu na taa akakigeuzageuza.

"Hiki si kibovu," alisema. "Wewe baba yake ndiye uliyenunua vibovu. Si kwamba viliundwa vibaya, bali viliundwa kwa bahari nyingine. Tazama ulimi. Ulimi mrefu ulionyooka mbele ya pua hukichimbisha chambo kiende chini. Ulimi mfupi, ulioteremka kama kidevu cha mzee kama mimi, hukitikisa tu bila kukizamisha. Hiki kitakwenda shubiri moja au mbili chini ya maji. Sasa niambie, juu ya mwamba wetu maji yakianza kujaa yanafika wapi?"

"Kiunoni," nilijibu.

"Na chambo chako kilitaka mita 4. Hizo nyingine angezitoa nani?"

Akaendelea kumweleza mwanangu, si mimi, kwamba maji yakipanda juu ya mwamba, samaki wadogo kama dagaa, mkizi na chuchunge hupanda nayo kutafuta chakula. Nyuma yao hufuata kolekole na mzia, wawindaji wenye mbio, ambao hawaogopi maji yasiyofunika goti ilimradi kuna cha kukimbiza. Kwa hiyo mvuvi wa ufuoni hana haja ya kwenda chini. Anachohitaji ni kisamaki kinachopita juu ya mwani na matumbawe, karibu na uso wa maji, kinachofanana na mdogo aliyepotezana na wenzake.

Halafu alitazama fundo. Lilikuwa limekazwa kabisa kwenye kipete cha puani. "Mbuzi aliyefungwa kamba fupi hachezi," alisema. Akalikata, akafunga fundo jipya lenye kitanzi kidogo, chambo kikaning'inia na kuyumba kwa uhuru. Ndoana zake za meno matatu zilikuwa nyembamba, za maji ya mito na maziwa; mzee alisema chumvi ingezila kwa juma moja na kolekole angezinyoosha kwa dakika moja. Alizibadilisha kwa ndoana moja moja zilizo nene zaidi, ambazo pia hazizoi mwani mwingi na ni rahisi kumtoa nazo samaki mdogo anayestahili kurudishwa. Lakini hakubadilisha ovyo. Kila alipotia moja alikiweka chambo ndani ya ndoo ya maji kuona kama bado kinaelea kikiwa kimelala sawa. Ukizidisha uzito nyuma, kitaelea kimesimama. Ukizidisha mno, kitazama na utarudi kwenye hasara ya jioni.

"Kumbuka," alisema, "maji ya ndoo ni mepesi kuliko ya bahari. Kinachoelea kwa shida hapa, kule kitaelea vizuri zaidi." Ni kweli. Lita moja ya maji ya bahari huwa na uzito wa gramu 25 hivi zaidi ya lita ya maji ya mfereji, kwa ajili ya chumvi.

KOLEO LA MZEE

Kesho yake maji yalikuwa makavu kabisa mnamo saa tano na nusu ya asubuhi. Tulivaa raba kuukuu, kwani juu ya mwamba kuna miiba na mawe makali, na wapo samaki wenye sumu wanaojificha kama jiwe. Tulitembea kama dakika kumi na tano hadi kwenye kidimbwi kirefu kilichobaki katikati ya mwamba, maji yake maangavu kama kioo. Mzee alichukua koleo lake lenye pua nyembamba, akampa mwanangu.

"Vuta kwanza, pole pole, karibu nasi tukione."

Kikaja, kikapinda kwenda mkono wetu wa kulia.

"Kabla hujashika koleo, uliza maswali matatu. Je, kuna mwani umenasa kwenye ulimi? Je, ndoana imejikunja upande mmoja? Je, ulimi umemeguka? Kama yote ni la, basi tatizo liko kwenye kipete cha puani. Kishike pua ikikutazama, kama kilivyokuwa kikija majini. Kimekwenda kulia kwako, basi pinda kipete kuelekea kushoto kwako. Kidogo. Kidogo kabisa, kiasi ambacho jicho halioni ila mkono unahisi."

Mwanangu alipinda. Alipokivuta, kilikwenda kushoto, kwa nguvu kuliko kilivyokwenda kulia mwanzoni.

"Umezidisha," nilisema kwa haraka. "Si umeambiwa kidogo?"

Mzee aliniangalia bila kukunja uso. "Watu hupenda kusema samaki mkunje angali mbichi," alisema. "Husahau kwamba hata mbichi ukimkunja kwa nguvu huvunjika mgongo. Mwache mtoto. Kipete kikirudishwa kwenda na kurudi mara nyingi hulegea, lakini mara moja hakidhuru."

Nilinyamaza. Kijana alirudisha kipete nusu ya alivyokuwa amepinda. Akavuta, kikaja karibu sawa. Akagusa tena, safari hii akishikilia pumzi. Akavuta, na kile kisamaki kikaja moja kwa moja kama kimefuata uzi, tumbo la fedha likimeta kulia na kushoto, kulia na kushoto.

"Sasa vuta kwa kasi," mzee aliamuru. "Kinachokwenda sawa polepole si lazima kiende sawa mbioni." Kijana akakunja mshipi kwa nguvu zote, nacho kikaja sawa. Akacheka. Nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko chake.

Baadaye nilisoma kwamba mmoja wa waanzilishi wa vyambo vya aina hii, Lauri Rapala wa Finland, alikichonga chambo chake mwaka wa 1936 kwa gome jepesi la koki, akitumia kisu cha fundi viatu na msasa, na kukifunika kwa karatasi ya kumeta ya chokoleti. Alikuwa mvuvi wa ziwani, na alikuwa ameona kwamba samaki wakubwa humwacha kundini yule anayeogelea vizuri wakamshambulia anayeyumba. Maskini yule hakuwa na pesa za kupoteza, kwa hiyo kila alichokichonga alikijaribu majini mpaka kiende atakavyo. Mzee wetu wa Kilifi hajapata kumsikia, lakini nina hakika wangeelewana.

MAJI NYUMA YETU

Mzee alirudi nyumbani mapema, akatuachia onyo moja: "Msiitazame bahari iliyo mbele. Tazameni ile ya nyuma."

Maneno hayo yaliingia sikio moja yakatokea la pili. Tulisogea hadi ukingoni mwa mwamba, mawimbi yakaanza kurudi, na kwa mara ya kwanza niliona kivuli kikifuata chambo. Tulipokezana ufito. Mwanangu alinionyesha jinsi ya kuinua ncha ya ufito juu ili chambo kipite juu zaidi palipo na mwani, na kuishusha penye maji marefu. Kolekole mmoja alikigonga akakosa. "Mara moja tu zaidi," nilisema. Halafu mara moja zaidi. Halafu nyingine.

"Baba," kijana aliniita. "Maji nyuma yetu."

Nikageuka. Mwamba tuliosimama ulikuwa bado unafika kifundoni, lakini kati yetu na ufuo, mahali tulipopita kwa miguu mikavu, palikuwa na ziwa la kijani. Hivyo ndivyo mwamba wetu ulivyo: ukingo wa nje ni wa juu, ndani kuna bonde, na maji hulijaza bonde hali wewe bado unajiona uko nchi kavu. Mimi nilitaka kwenda moja kwa moja. Mwanangu alisema la, akaonyesha mahali ambapo mchanga ulionekana mweupe chini, palipozunguka kidogo kuelekea kusini. "Huku ni kufupi kwa kina," alisema. Nilimfuata. Hata hivyo maji yalitufika kiunoni, kisha kifuani, mkondo ukitusukuma, na nilishika bega lake nikijua vyema kwamba si mimi niliyekuwa nikimshikilia. Tulipotoka tuliketi mchangani kwa muda mrefu bila kusema neno.

"Umefanya vizuri," nilimwambia hatimaye. "Mimi nilikosea."

Alichora mchangani kwa kidole. "Ni hesabu, baba," alisema. "Zilinipita tangu muhula wa pili. Niliogopa kuuliza mwalimu, halafu nikaogopa kukwambia." Nilikuwa na majibu mengi tayari mdomoni. Nikakumbuka koleo, nikasema moja tu: "Tutatafuta wa kukusaidia. Kidogo kidogo."

Jioni, maji yalipokuwa karibu kujaa, tulivua kutoka ufuoni, miguu mchangani. Jua lilikuwa linazama nyuma ya minazi mwanangu alipokirusha chambo chake sambamba na ufuo, si mbali baharini, akakileta taratibu juu ya mwani. Maji yakapasuka. Wahenga walisema hasira ya mkizi, furaha ya mvuvi. Hasira ya kolekole ni furaha maradufu. Alikuwa wa kilo moja na nusu kwa kukisia, kwani mizani hatukuwa nayo. Wa pili alikuwa mdogo, tukamrudisha. Mzee alimpaka yule mkubwa nazi na ukwaju, na nyumba nzima ikala.

KWA WANAOTAKA KUJARIBU

Ukitaka kwenda na jamaa zako, uliza kwanza. Katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka wa 1968, na ile ya Mombasa, ni marufuku kuvua. Kwingineko, pitia ofisi ya uvuvi kuhusu leseni, na uwasalimu wavuvi wa ufuo ule. Ni wenyeji wako. Chagua chambo kinachoelea, chenye ulimi mfupi. Tia waya mfupi mbele yake ukiwa na hofu ya mzia, kwa maana meno yake hukata mshipi kama wembe, lakini uwe mwembamba, kwani waya mzito huua mchezo wa chambo. Beba koleo. Kioshe chambo kwa maji ya mfereji kila urudipo. Angalia ratiba ya maji, na mtu mmoja kati yenu awe na kazi ya kutazama nyuma.

Kile kisamaki cha kijani sasa kinaning'inia kwenye msumari juu ya meza ya mwanangu, rangi imebanduka ubavuni kwa meno ya kolekole. Mwalimu wa hesabu huja Jumamosi. Alama bado hazijapanda sana. Lakini juzi kijana aliniletea daftari mwenyewe, akaniuliza swali ambalo nami sikulijua, tukakaa wote wawili chini ya taa tukilitafuta.